‘RUDINI VIJIJINI’: TURUDI NA NINI, RANDA AU CHETI?

Yupo kijana mmoja anayepita kijiweni kwetu hapa Tabata Relini kila jioni, akitembeza hanga za plastiki, soksi na pamba za masikio. Watu wanamwita Fundi. Mimi nilidhani ni utani wa kijiweni tu, kama vile kinyozi wetu anavyoitwa Daktari na mpiga debe wa kituoni anavyoitwa Balozi. Siku moja benchi letu likavunjika mguu, tukamwagika chini wote na kahawa mikononi. Fundi akatua mzigo wake, akaazima panga la muuza madafu, akachukua kipande cha mti kilichokuwa kimetupwa kando ya reli, akakichonga, akakichomeka kwenye benchi bila msumari hata mmoja. Benchi hilo tunalikalia mpaka leo.

“Mdogo wangu,” nikamuuliza, “haya umejifunza wapi?”

“Chuoni, kaka. Chuo cha maendeleo ya wananchi, huko kwetu kusini. Miaka miwili. Cheti ninacho, kimo ndani ya bahasha, chini ya godoro.”

“Sasa seremala mwenye cheti anauza hanga za plastiki?”

Akacheka. “Kaka, cheti hakirandi ubao.”

Chuo alichosoma nakihifadhi jina, maana kosa si la chuo kimoja wala la mwalimu mmoja. Lakini maneno yale sikuyasahau. Nikaenda nayo nyumbani, nikalala nayo, na leo nayaleta kwako ndugu msomaji, hasa wewe kijana wa Tabata, Manzese, Mbagala na Gongo la Mboto, ambaye kila ukiwasha redio unasikia mkubwa mmoja anakuambia: “Vijana acheni kukaa vijiweni, jiajirini, rudini vijijini, ardhi ipo!”

Sawa, mheshimiwa. Turudi. Lakini turudi na nini?

WIMBO NI WA ZAMANI

Wimbo huu wa “rudini vijijini” ulianza kuimbwa siku nyingi. Mwaka 1983 serikali ilitunga sheria ya kugawa nguvu kazi, ile ambayo wazee wetu wanaikumbuka kwa jina la Nguvu Kazi. Watu wasio na kitambulisho cha kazi walikamatwa mitaani hapa Dar es Salaam, wakapakiwa kwenye malori, wakapelekwa vijijini kulima. Matokeo yake kila mtu anayajua: wengi walirudi mjini, wengine karibu wapishane njiani na lori lililowapeleka. Jina lao wakati ule lilikuwa “wazururaji”.

Desemba 2018 upepo ukageuka. Yule yule mzururaji akauziwa kitambulisho kwa shilingi 20,000, akaambiwa kuanzia leo wewe ni mjasiriamali mdogo, mtu asikubughudhi. Akafurahi. Lakini Oktoba 2021 mabanda yakavunjwa kando ya barabara za jiji hili, yule mjasiriamali akaambiwa ahame, anachafua mji.

Mzururaji, machinga, mjasiriamali. Majina matatu, mtu ni yule yule na soksi ni zile zile. Hivi kweli kubadilisha jina la mtu ndiyo kubadilisha maisha yake?

Na sasa jina hili la tatu limeanzishiwa semina. Wewe unazijua. Ukumbi wa hoteli, mabango ukutani, chai na sambusa saa nne, chakula cha mchana saa nane, na mtoa mada aliyevaa suti, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuuza hata nyanya, anawafundisha wauza nyanya jinsi ya kuthubutu. “Fikirini nje ya mnavyofikiri! Badilisheni mtazamo!” Jioni wanapigwa picha, wanapewa cheti cha kuhudhuria, mtoa mada anachukua posho yake nono anaondoka. Muuza nyanya anarudi sokoni Buguruni na mtazamo mpya na mtaji ule ule.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Ujasiriamali ni ujasiri na mali. Hawa wanatufundisha ujasiri, kana kwamba kijana anayelala chumba kimoja na wenzake watano na kuamka saa kumi alfajiri kukimbilia mzigo Kariakoo amepungukiwa ujasiri! Ujasiri tunao. Ile nusu ya pili ya neno ndiyo hawaitaji.

VYUO 54 WATU HAWAVIJUI

Vijana wengi wa mjini hawajui kwamba nchi hii ina vyuo 54 vilivyoanzishwa mahsusi kwa ajili ya kazi hii hii inayopigiwa kelele. Ni Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Viko Kisarawe na Ikwiriri, Kilwa Masoko na Newala, Ifakara na Njombe, Handeni na Same, Tarime na Sengerema, Nzega na Urambo, Kasulu na Kibondo. Kimoja kiko hapa hapa mjini: Arnautoglu, pale Mnazi Mmoja. Umepita nje yake mara ngapi ukielekea Posta? Ukumbi wa Arnautoglu ndimo mwaka 1953 Mwalimu Nyerere alimochaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA, mwaka mmoja kabla ya TANU kuzaliwa.

Vyuo hivi vilianza mwaka 1975. Mwalimu alikuwa ameandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akilalamika kwamba shule zetu zinamtoa mtoto kijijini na kumfundisha kukidharau. Alipoviona vyuo vya wananchi vya Sweden akavutiwa, na Sweden ikatoa fedha na wataalamu. Utaratibu ulikuwa huu: kijiji kinamchagua mtu wake mzima, mwanamume au mwanamke, kinampeleka chuoni kusomea useremala, uashi, ushonaji, kilimo, ufundi wa chuma na mambo ya uongozi, kisha anarudi kijijini kuwafaa wenzake.

Angalia hapo pana siri kubwa. Mwanafunzi wa chuo hiki hakuwa anajitafutia cheti. Alikuwa ametumwa. Kulikuwa na watu nyumbani wanaomsubiri wakiwa na kazi mkononi: zahanati haina milango, shule haina madawati, mashine ya kusaga imekufa. Soko la ufundi wake lilikuwepo kabla hajaingia darasani.

Sasa kama wazo lilikuwa zuri kiasi hicho, kwa nini Fundi wetu anauza hanga za plastiki Tabata? Kujibu hilo inabidi twende mbali kidogo, huko wazo lenyewe lilikozaliwa, maana tuliliazima nusu.

TULIAZIMA MGUU MMOJA

Vyuo vya wananchi havikuanza Sweden. Vilianza Denmark, nchi ndogo ya wakulima, kwa mawazo ya mchungaji mmoja aliyeitwa Grundtvig. Chuo cha kwanza kilifunguliwa mji wa Rødding mwaka 1844. Denmark ya wakati ule haikuwa nchi ya neema tunayoisikia leo. Mwaka 1864 ilipigwa vitani na Prussia na Austria ikanyang’anywa sehemu kubwa ya ardhi yake. Halafu ngano ya bei rahisi kutoka Marekani na Urusi ikafurika Ulaya, wakulima wa Denmark waliokuwa wakiishi kwa kuuza nafaka wakakosa soko. Hali yao haikuwa mbali sana na ya mkulima wetu wa mbaazi anayeamka asubuhi akaambiwa India imefunga mlango.

Vijana wa wakulima walikuwa wakienda kwenye vyuo hivyo wakati wa baridi, ambapo shamba halina kazi, wanasoma miezi michache, wanarudi. Hapakuwa na mtihani wala cheti. Narudia: wala cheti! Mtu alikwenda kujifunza kufikiri, kuhesabu, kuzungumza mbele ya watu na kuijua nchi yake.

Lakini vyuo peke yake visingewaokoa. Mwaka 1882 wakulima wa mahali paitwapo Hjedding walichanga wakajenga kiwanda chao cha siagi cha ushirika. Maziwa ya mwenye ng’ombe mia na ya mwenye ng’ombe wawili yalimiminwa pamoja, na katika viwanda vya namna hiyo kura ilikuwa moja kwa kila mtu, haikuhesabiwa kwa ng’ombe. Vikaenea nchi nzima. Badala ya kuuza nafaka, wakawa wanauza siagi na nyama ya nguruwe kwa Waingereza. Chuo kiliwapa watu wa kuendesha ushirika, na ushirika ukawapa wahitimu wa chuo kazi na soko. Miguu miwili.

Na sisi je? Tuliuchukua mguu mmoja, tena tulipouchukua tukaukata ule mwingine ambao tulikuwa nao tayari! Maana Tanzania haikuwa ngeni kwa ushirika. Wachaga walikuwa na KNCU ya kahawa tangu 1933. Wakulima wa pamba wa Usukuma, wakiongozwa na akina Paul Bomani, walijenga miaka ya 1950 ushirika uliokuwa ukitajwa Afrika nzima. Vyuo vya wananchi vikaanza 1975. Mwaka uliofuata, 1976, serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika. Sababu iliyotolewa ni wizi na uzembe, na wizi ulikuwepo kweli, sikatai. Lakini ukiwa na panya dalini unafuga paka, huchomi nyumba. Mazao yakakabidhiwa mamlaka za serikali, mkulima akawa anangoja malipo yake mpaka msimu unaofuata. Ushirika ukaja kurudishwa kwa sheria ya 1982, umeshakuwa mgonjwa, na haujapona sawasawa hadi leo.

Hapo ndipo mwanafunzi wa chuo cha wananchi alipoachwa njiani. Alitoka chuoni na ufundi mkononi, akakuta kijiji hakina fedha ya kumlipa, hakina chama cha kumkopesha randa, hakina mtu wa kununua kazi yake. Baadaye misaada ya nje ikapungua, ule utaratibu wa kutumwa na kijiji ukafifia, chuo kikawa mahali pa kupeleka mtoto aliyeshindwa mtihani. Akimaliza anapewa cheti. Na wewe unajua cheti kinakokwenda: kinapanda basi, kinashuka mjini.

MBAO INAKUJA, KITI KINARUDI

Simama asubuhi moja njia ya kwenda Keko uangalie malori. Mbao za mninga na mkongo zinatoka misitu ya kusini, Rufiji, Kilwa, Liwale. Zinashushwa Keko, zinakuwa vitanda, makabati na makochi. Kisha nenda kituo cha mabasi ya kusini jioni, uone kinachofungwa juu ya keria: makochi hayo hayo, vitanda hivyo hivyo, vinarudi kule kule mbao zilikotoka, kwa mwalimu na kwa muuguzi aliyejibana mshahara miezi sita.

Mbao imelipiwa nauli ya kuja, kiti kimelipiwa nauli ya kurudi. Ushuru umekatwa njiani, na kitu kidogo kimetolewa njiani. Na seremala aliyezaliwa jirani na msitu wenyewe, aliyesomea kazi hiyo kwa fedha za umma, yuko Tabata anauza hanga za plastiki zilizosafiri kwa meli. Hivi hapo mvivu ni nani? Kijana au mpango?

Maendeleo ya vijijini tunayoyasikia kwenye hotuba yamo ndani ya safari hiyo ya mbao. Kiti kikichongwa kule kule, ile nauli ya kwenda na kurudi inabaki mfukoni kwa watu wawili: aliyekichonga na aliyekinunua. Aliyekichonga atanunua unga kwa jirani na kumlipa mshona sare za mtoto wake. Kwa hesabu ya namna hii kijiji kinainuka, bila hata mtu mmoja kuhudhuria semina ya kubadilisha mtazamo.

UJASIRIAMALI UNAFUNDISHIKA

Asije mtu akasema mwandishi huyu anapinga elimu ya ujasiriamali. La hasha! Ninachopinga ni kuigeuza mahubiri. Elimu hiyo inafundishika, lakini inafundishwa pamoja na kazi, tena kwa hesabu.

Tufanye mfano. Fundi anachonga kiti. Mbao shilingi 18,000. Gundi, msasa na misumari 4,000. Vanishi 3,000. Jumla 25,000. Anauza 35,000, anaona amepata faida ya 10,000, anafurahi, ananywa soda. Mwalimu wa kweli angemkalisha chini: “Kiti hiki kimekuchukua siku mbili. Umekula 6,000. Kodi ya kibanda kwa siku hizo 1,000. Kilichobaki ni 3,000. Msumeno unachakaa, umeuwekea akiba gani? Na mteja amekukopa mpaka mwisho wa mwezi, mbao za kiti cha pili utanunulia nini?” Hilo ni somo la ujasiriamali. Halihitaji hoteli. Linahitaji kiti, kalamu na mwalimu aliyewahi kuuza kiti.

Kuna mambo yanayofanyika katika vyuo hivi ambayo sisi wanaume wa vijiweni tunapaswa kuyaonea haya. Vyuo vya wananchi vimefungua milango kwa wasichana waliokatishwa masomo, wengi kwa sababu ya mimba, katika mpango unaoitwa Elimu Haina Mwisho ulioanzishwa na shirika la Karibu Tanzania. Mama mdogo anakuja na mtoto mgongoni, mtoto analelewa pale pale chuoni, mama anasoma masomo ya sekondari, ufundi na ujasiriamali. Huyo amebeba mtoto na bado yuko darasani. Wewe umebeba nini?

Majengo nayo yamekarabatiwa miaka ya karibuni, na vyuo vimehamishiwa Wizara ya Elimu. Vyuo vya VETA vinajengwa wilaya kwa wilaya, na tangu 2024 kuna shule za sekondari zilizoanza kufundisha mkondo wa amali. Yote haya ni mema. Lakini ndiyo maana nina wasiwasi: kama hatutaunda ule mguu wa pili, tutazalisha vyeti vingi zaidi kuliko zamani, na mabasi ya kuja mjini yatajaa zaidi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 5.38 katika jiji hili. Ya 2012 ilihesabu milioni 4.36. Milioni moja ya watu kwa miaka kumi! Wanaishi wapi? Muulize mwenye nyumba wako wa Tabata Kimanga.

MGUU WA PILI UMO NDANI YA SHERIA

Kinachoudhi ni kwamba mguu huo hauhitaji mfadhili kutoka nje. Umo ndani ya sheria zetu wenyewe. Natoa mambo matatu.

La kwanza ni zana. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Tunajua yaliyotokea. Ripoti za Mkaguzi Mkuu zilianika vikundi hewa na fedha zisizorudi, mpaka Aprili 2023 serikali ikaisimamisha mikopo hiyo, ikairejesha 2024 kwa utaratibu mpya. Sasa mimi nauliza: kikundi hewa kingetoka wapi kama mkopaji ni darasa la maseremala kumi waliokaa chuo kimoja miaka miwili, mwalimu wao anawajua kwa sura na kwa tabia? Kikundi kisajiliwe chuoni kabla ya mahafali. Na mkopo usiwe bunda la noti. Uwe sanduku la zana: randa, misumeno, patasi, nyundo, jiriwa. Kwa washonaji iwe cherehani. Kwa waashi iwe mwiko, timazi na pima maji. Noti inaweza kuishia baa, lakini jiriwa hainyweki.

La pili ni soko. Sheria ya manunuzi ya umma, tangu marekebisho ya 2016, inataka asilimia 30 ya manunuzi ya taasisi za umma itengewe makundi maalumu, vijana wakiwemo. Nani katika halmashauri yako amewahi kukuambia hivyo? Chukua mfano wa madawati. Mwaka huo huo wa 2016 nchi nzima iliingia kwenye kampeni ya madawati. Bunge lilibana matumizi yake likatoa shilingi bilioni 6, jambo la kupongezwa, na kazi ikaelekezwa kwa JKT na Magereza. Sina ugomvi na wanajeshi wala wafungwa. Ila hebu fikiri: vyuo vya wananchi viko kila pembe ya nchi, vina karakana za useremala, vina wahitimu waliotawanyika vijijini jirani kabisa na shule zile zilizokosa madawati. Sehemu tu ya kazi ile ingewapa mamia ya vijana oda yao ya kwanza. Na oda ya kwanza kwa fundi ni kama maziwa ya kwanza kwa mtoto. Nafasi ile ilipita, lakini madarasa hayajaisha kujengwa. Milango, madirisha, madawati na sare za shule vinaagizwa kila mwaka. Mkurugenzi wa halmashauri aulizwe: asilimia 30 ya mwaka huu imekwenda kwa nani?

La tatu ni mahali pa kukanyaga. Wanasema ardhi ipo. Ipo, lakini ya nani? Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji iko chini ya halmashauri ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli. Basi kijiji kinachompeleka kijana chuoni kimtengee kabisa eneo: kiwanja cha karakana kwa fundi, ekari za shamba kwa aliyesomea kilimo. Serikali yenyewe ilikiri jambo hili ilipoanzisha mwaka 2023 mashamba ya vijana ya mpango wa BBT, kwamba mafunzo bila ardhi na maji ni maneno matupu. Wazo hilo ni sahihi. Ila lisiishie kwenye kambi chache zinazopendeza mbele ya kamera, wakati vyuo 54 viko pale pale vilipokuwa tangu enzi za Mwalimu.

Watasema: vijana hawa wakipewa zana wataziuza. Wengine watauza, ndiyo. Hata ndani ya serikali wako waliouza vikubwa kuliko randa, na hatukuifunga serikali. Aliyeuza adaiwe, wenzake katika kikundi wambane. Kwani wale wakina mama wanaocheza upatu mtaani kwenu wanadhulumiana kila siku?

SASA TUFANYE NINI

Kijana mwenzangu, mimi sikuambii urudi kijijini. Nani kanipa mamlaka hayo? Mji huu ni wako kama ulivyo wa mwenye shangingi. Ninachosema ni kwamba mtu akikuambia rudi, una haki ya kumuuliza maswali matatu: zana ziko wapi, soko liko wapi, ardhi iko wapi? Akijibu yote matatu, fikiria. Akijibu kwa kukuambia ubadilishe mtazamo, mwambie yeye aanze.

Na usiishie kuuliza kijiweni. Hapa Tabata tunalo la kujivunia. Mwaka 1988 wakazi wa hapa, watu wa kawaida kabisa, walichoshwa na moshi na uvundo wa dampo la takataka ambalo Jiji lilitutupia. Hawakuishia kunung’unika juu ya kahawa. Waliishitaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu, na wakashinda. Walikuwa wanajua neno moja: haki isiyodaiwa hailipwi. Nenda ofisi ya kata ukaulize orodha ya vikundi vilivyokopeshwa. Ukienda kwenu sikukuu, hudhuria mkutano wa kijiji badala ya kukaa kilabuni ukiwasimulia habari za mjini. Uliza chuo cha wananchi kilicho karibu kinafundisha nini, na wahitimu wa mwaka jana wako wapi. Swali hilo la mwisho hakuna mkubwa anayelipenda, kwa sababu jibu lake linatembea mitaani likiuza soksi.

Juzi nilimuuliza Fundi: “Ukipata kurudi, ungerudi?” Hakufikiri sana.

“Kaka, mimi kwetu kuna zahanati inajengwa. Nimeambiwa milango yote imeagizwa mjini. Wanipe randa, msumeno na oda ya milango sita tu. Jumatatu hunioni hapa.”

Kisha akalikagua benchi lile alilolitengeneza, akautikisa mguu kidogo kwa kiganja, akaona bado umeshika. Akajitwika hanga zake, akaelekea Barakuda.